Mtafute Mkalimani Kwanza

Kuna kitabu kuhusu wakimbizi wa wilaya ya Ngara, Tanzania, ambacho kila mhakiki anakisifu: ramani za rangi, tanbihi kila ukurasa, marejeo yasiyokwisha. Nimekisoma chote na sikumwona mkalimani. Kwangu kimeanguka.

Tangu Aprili 1994, Wanyarwanda walipovuka mpaka wa Rusumo na kuijaza kambi ya Benaco, wilaya hii imeandikwa sana, na hovyo pia. Msomaji asiyezoea monografia, yaani kitabu cha kitaalamu cha mada moja, huvutwa na unene wa marejeo. Lakini marejeo hukusanywa maktabani bila mtu kukanyaga hata Rulenge hapa wilayani! Fungua sura ya mbinu uulize: mahojiano yalikuwa kwa lugha gani, nani alitafsiri, naye ni mtu wa wapi? Kihangaza cha wenyeji na Kirundi cha wakimbizi wa Burundi husikilizana. Bugufi yenyewe, nchi ya Wahangaza, ilikuwa ya Burundi kabla Waingereza hawajaitia Tanganyika. Mrundi akihojiwa kwa Kiswahili, humjibu ofisa mwenye fomu. Akihojiwa na kijana wa Kihangaza, humjibu mwenyeji anayegombea naye kuni. Hayo ni majibu mawili tofauti, na mwandishi asiyesema amechukua lipi ametunyima nusu ya ushahidi.

Nimewaona walaghai. Hufikia nyumba ya wageni mjini, wakapokea orodha ya wahojiwa kutoka shirika fulani: viongozi walewale wa kambi, waliohojiwa hadi wakakariri. Mmoja alimgeuza dereva kuwa mkalimani, na hata kwenye shukrani hakumtaja. Nukuu zake zote zinaongea kama ripoti.

Bingwa wa kazi hii ni mwanaanthropolojia Liisa Malkki. Katika *Purity and Exile* (1995) aliwaweka wakimbizi Wahutu wa Burundi wa kambi ya Mishamo kando ya wenzao wa Kigoma mjini, akaacha masimulizi yao yatiririke marefu. Simon Turner naye, katika *Politics of Innocence* (2010), alikaa na kambi moja tu, Lukole, hapa kwetu. Mada moja ina maana hiyo.

Vigezo vyangu vingine ni vifupi. Faharasa aiandike mwandishi mwenyewe. Ramani ya mkono hushinda ya setilaiti. Kurasa zikizidi 350, mwandishi hakujua anatafuta nini.

Na kitabu kifike kilikotoka. East African Publishing House ya Nairobi ilitoa historia ya Wapare ya Kimambo mwaka 1969, na ya ufalme wa Karagwe ya Katoke mwaka 1975. Wanazuoni wetu waliandika juu ya watu wetu, na vitabu vikachapishwa Afrika Mashariki. Leo vitabu kuhusu Lukole vinachapishwa ng'ambo, kwa bei ambayo mwalimu wa Kabanga, hapa Ngara, haiwezi.