Ulimi na Kitendo katika Kutibu Nyoyo za Vijana

Kijana aliyefadhaika aghalabu hasemi, hutenda. Hutoroka shule, hubamiza mlango, hususa chakula. Nasi wazazi wa Temeke na Kinondoni twakiadhibu kitendo kabla ya kukisoma.

Jirani zetu wa Kenya wana tiba ya mazungumzo iitwayo Shamiri, nayo yafaa tuipime. Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2021, wanafunzi 413 wa sekondari wenye dalili za huzuni au wasiwasi waligawanywa. Baadhi walikutana na kijana aliyemaliza shule karibuni, saa moja kila wiki kwa wiki nne. Wengine walifundishwa mbinu za kusoma. Waliopata Shamiri ndio waliopungukiwa zaidi na dalili.

Uzuri wake ni lugha. Haianzi kwa kumwita mtoto mgonjwa. Humzungumzisha juu ya kukua, shukrani na mambo anayoyathamini, kisha humpa mazoezi.

Upungufu wake ni kwamba saa nne huisha, na mtoto hurudi nyumbani. Ikiwa huko aitwa mhuni, na hiyo shukrani hajaiona kwa baba yake, neno la mshauri litasimama wapi?

Luqmaan alipomuusia mwanawe alimwita "mwanangu" mara tatu, akamfunza sala, subira, mwendo na sauti: neno la mapenzi pamoja na kitendo.

Basi akibamiza mlango, usitangulize fimbo. Mngoje atulie, mshike kazi pamoja, ndipo umuulize kilichomkera. Kisha nyamaza umsikilize.