Hekalu la Vesta Juu ya Dhahabu

Mwaka 64 moto mkubwa uliiunguza Roma, na hekalu la Vesta, mungu wa kike wa meko, likateketea. Haukupita muda mrefu Kaizari Nero akatoa sarafu ya dhahabu inayolionyesha hekalu hilo limesimama. Sarafu yenyewe haizidi ukucha wa kidole gumba: upana wake ni kama milimita 19, uzito wake gramu saba na ushei. Humo mmeenea ngazi, nguzo sita, paa la mviringo, na Vesta ameketi katikati.

Aliyeichonga hakuacha jina. Kazi yake ilikuwa kwenye muhuri wa chuma, au wa shaba iliyochanganywa na bati, na kila kitu alikikata kinyume. Kitakachoinuka kwenye dhahabu huchimbwa kwenda chini. Shavu la Nero, linalojitokeza upande wa pili wa sarafu, kwenye muhuri lilikuwa shimo. Kila nguzo ilikuwa mfereji mwembamba, na tindo ikiteleza mara moja tu, nguzo mbili zimeungana. Chuma kikishatoka hakirudi. Tazama na jina VESTA lililoandikwa juu ya paa. Herufi V, T na A hazibadiliki zikigeuzwa, lakini E na S ilibidi azichonge zikiangalia upande usio wao, kwa mkono uliokwisha kuzoea hivyo.

Mshairi Ovid, aliyetangulia kwa miongo kadhaa, aliandika kwamba ndani ya hekalu hilo hamkuwa na sanamu, ila moto usiozimwa. Moto uliofichwa nyumbani ungechongwaje ukaonekana? Mchongaji akamweka Vesta mwenyewe kwenye kiti, na mtu yeyote sokoni akajua ni nyumba ya nani. Kwangu mimi huo ni uamuzi wa fundi aliyekomaa.

Dhahabu nayo ilipimwa kwa mizani: ratili moja ya Kirumi ilitoa sarafu 45. Muhuri wenye kichwa cha Nero ulipachikwa kwenye fuawe. Kidonge cha dhahabu kikawekwa juu yake kwa koleo, muhuri wa hekalu ukasimamishwa juu ya kidonge, kisha nyundo ikashuka. Muhuri ukihama kidogo kati ya pigo na pigo, mistari hutoka miwili miwili, kwa hiyo aliyeushika alihitaji utulivu sawa na wa mchongaji.

Muhuri wa juu ndio uliopokea nyundo, nao ndio uliochakaa kwanza. Hapo mchongaji alichukua chuma kingine akaanza hekalu upya. Ukiziweka pamoja sarafu za Vesta zilizopigwa kwa mihuri tofauti, utaona mwanya wa nguzo umepanuka hapa, herufi imesogea pale, kwa kuwa kila muhuri ulikatwa kwa mkono tangu ngazi ya chini.