Blauzi Iliyokatwa Kauli

Blauzi yenyewe ni safi, tusianze na vita. Imeshonwa kwa leso kuukuu ya "Mali ya Abdulla", chapa ya Kaderdina wa Mombasa, pamba iliyofuliwa hadi ikalainika kabisa. Vifungo sita vimeng'olewa kwenye mashati ya mtumba ya Gikomba. Havifanani rangi, lakini upana ni mmoja, kwa hivyo vinaingia matunduni bila kugombana. Hapo fundi alifikiria.

Shida iko mgongoni. Leso ina pindo, mji na jina, na jina ndilo watu husoma ukishapita. Hii ilisema "Wema hauozi". Mkasi ukapita katikati. Sasa mgongoni imebaki "hauozi" peke yake, "wema" umezikwa ndani ya mshono wa ubavuni. Hauozi nini? Mkate? Mguu? Nyanya yangu, aliyekuwa akichagua leso kwa kusoma jina kwanza, maua baadaye, angecheka hadi alie.

Na nguo haikuwa haba. Leso huuzwa kwa doti, vipande viwili, na nimeuliza: cha pili bado kiko kwa fundi. Apime jina kwanza, ndio akate mikono.