"Chanjo" Isiyokinga

Katika maandishi ya kilimo yanayokusudiwa wakulima, istilahi tatu zinatutia shaka: "vijasumu", "viini" na "chanjo ya mbegu".

Bakteria wa kundi la rhizobia huingia katika mizizi ya mikunde, wakafanya vinundu, na humo huigeuza naitrojeni ya hewani iwe chakula cha mmea. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kilichoanzishwa Morogoro mwaka 1984, kiliwahi kutengeneza bidhaa ya bakteria hao kwa ajili ya soya, ikaitwa Nitrosua. Kuwaita vijasumu ni kuwapachika sumu wasiyo nayo.

"Viini" nalo lina mwenyewe. Sehemu kubwa ya mafuta ya mahindi imo katika kiini cha punje. Mfasiri akiandika kwamba viini huongeza mafuta ya kiini, msomaji atafahamu nini? Tena mahindi hayafanyi vinundu: hunufaika na naitrojeni inayoachwa shambani na mikunde, na aghalabu huhitaji mbolea juu yake.

Lakini hatari zaidi ni "chanjo". Kwa mkulima wa milima ya Uluguru, chanjo ni kinga ya maradhi. Neno hilo humwahidi kinga isiyokuwapo, wala halimwonyi kwamba pakiti ina viumbe wanaouawa na jua kali.

Tunapendekeza "bakteria wa vinundu", na juu ya pakiti iandikwe "bakteria hai wa vinundu". Istilahi ikipotosha, anayelipa ni mkulima, si mfasiri.