Wa Kadi au wa Kula

Katika kila kikao cha kupanga kazi ya programu hufika dakika ambapo macho yote humgeukia mpimaji. Waundaji wameshasema yao: ukurasa huu siku mbili, ripoti ile siku tatu. Kisha linakuja swali, "Na kupima?", kwa sauti ya mtu anayeuliza kama kuna chai iliyobaki. Jibu linalotarajiwa ni nusu siku. Nataka kumsifu mtu anayekataa kulitoa jibu hilo.

Kazi yake haisifiwi sana. Muundaji huonyesha alichokijenga. Mpimaji naye huonyesha kasoro alizozinasa. Anayekadiria upimaji hana cha kuonyesha ila namba, tena namba yenyewe huwaudhi watu, kwa kuwa karibu kila mara ni kubwa kuliko walivyotaka.

Tuseme timu iko hapa Nyeri, vijana wachache waliopitia Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, na mteja wao ni chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa. Wanafanya kazi kwa mtindo wa ajaili, yaani kwa mizunguko mifupi ya wiki mbili mbili, na kila mzunguko unatakiwa umalizike na kitu kinachofanya kazi mkononi mwa mtu. Hadithi iliyo mezani, yaani hitaji moja la mtumiaji, ni ya sentensi moja: mkulima akishapimiwa kahawa yake kiwandani, apokee ujumbe mfupi wenye idadi ya kilo. Wanakadiria ukubwa wa kazi kwa karata. Kila mmoja anachagua yake kimyakimya, moja, mbili, tatu, tano, nane au kumi na tatu, kisha zote zinafunuliwa kwa pamoja. Mbili. Mbili. Tatu. Mpimaji: nane.

Mchezo huu wa karata aliuandika James Grenning mwaka 2002, na Mike Cohn akaueneza kwa kitabu chake cha 2005. Asili yake ni ya zamani zaidi. Shirika la utafiti la RAND huko Marekani lilikuwa na njia ya kuwauliza wataalamu makisio yao kila mmoja peke yake, na katika miaka ya 1970 Barry Boehm na wenzake wakaileta kwenye programu. Siri yake ni kule kufunua kwa pamoja. Kwetu jambo hili lina uzito wa pekee, maana mdogo hasemi kabla ya mkubwa, na akisema baada yake hathubutu kusema tofauti. Karata hazimvunjii mtu heshima. Zinamwezesha kijana aliyeajiriwa juzi kuweka nane mbele ya mkuu wake aliyeweka mbili, na sheria ya mchezo ndiyo inayomlazimisha mkuu kuuliza: kwa nini nane?

Hapo ndipo ufundi unapoanza. Mpimaji anaeleza. Mizani inapima kahawa pamoja na gunia. Je, uzito wa gunia unatolewa kabla ya ujumbe au baada? Mkulima aliyeleta mzigo asubuhi akarudi na mwingine jioni apokee jumbe mbili, au mmoja wenye jumla? Karani akikosea namba ya mwanachama, kisha akafuta na kuandika upya, yule wa kwanza aliyepelekewa kilo zisizo zake ataambiwa nini? Kuna mwanachama aliyefariki ambaye shamba lake linavunwa na wanawe watatu, na kila mmoja anataka ujumbe uje kwenye simu yake. Kuna laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina la mke huku shamba likiwa la mume. Kuna kiwanda kilicho bondeni, kando ya mto, ambako mtandao hupotea saa nzima. Ukirudi, jumbe zote zitatoka mara moja, au mara mbili, au hazitatoka kabisa? Na nukta. Kilo 41.5 na kilo 415 zinatofautiana kwa kidoa kimoja kwenye kioo cha simu ndogo, na kahawa hulipwa kwa kilo. Malipo makubwa huja miezi mingi baadaye, mauzo yakishafanyika. Mpaka siku hiyo ujumbe ule ndio ushahidi alio nao mkulima mfukoni.

Anapofika kwenye nukta, aliyeweka mbili huwa ameshaanza kuandika kwenye daftari lake. Ndiyo maana siioni nane ile kuwa kipimo cha muda kwanza. Naiona kama njia ya kulazimisha mazungumzo yafanyike Jumatatu ya kupanga badala ya Ijumaa ya kukabidhi. Wakipiga karata tena, mara nyingi wote huangukia tano au nane, na hadithi ya sentensi moja hugawanywa kuwa mbili.

Ufundi huohuo uko pia jikoni. Nakaa Majengo. Miji mingi ya zamani ya upande huu wa Mlima Kenya ina mtaa wenye jina hilo, Nyeri, Nanyuki, Meru, na popote ulipo utakuta msikiti na wapishi wa shughuli. Kwetu kuna mama ambaye ni nadra arusi kupikwa pilau bila yeye. Nilikuwapo alipofuatwa na kijana mmoja, ndugu ya bwana arusi. "Mama, wageni ni mia mbili." Mama hakutaja mchele. Alimtazama, akauliza: "Mwanangu, hao mia mbili ni wa kadi au wa kula?" Kisha akaendelea. Nikahi ni kabla ya adhuhuri au baada ya alasiri? Wangapi wanatoka mbali na watashuka garini na njaa? Nyama ni ya mfupa au ya steki? Kuni zimekauka, au ni zile za mvua za wiki iliyopita? Sufuria kubwa za msikiti ziko, au zimeazimwa? Kilo za mchele alizitaja mwisho kabisa, tena kwa kauli iliyokuwa na "kama" mbili ndani yake. Hadithi ya ujumbe mfupi ni wageni wa kadi. Kazi ya mpimaji ni kuwahesabu wa kula.

Wanaodhani kwamba kupima ni nusu siku ya mwisho hawana hata historia upande wao. Fred Brooks aliyesimamia ujenzi wa mfumo mkubwa wa IBM, OS/360, alitoa kitabu mwaka 1975, na humo akagawanya ratiba ya kazi hivi: theluthi ya kupanga, sudusi ya kuandika programu, robo ya kupima vipande na robo nyingine ya kupima mfumo mzima. Nusu ya muda wote ni upimaji. Uandishi wenyewe, ambao ndio kila mtu anauona kuwa kazi, ni sehemu moja kati ya sita. Ajaili imeubomoa ukuta kati ya hatua hizo, lakini uzito wake haujapungua. Umesambazwa tu, na kilichosambazwa ni rahisi kusahauliwa.

Wakenya tuna kumbukumbu ya kusahau huko. Tarehe 4 Machi 2013 tulipiga kura, na Tume ya Uchaguzi ikategemea vifaa vya kielektroniki kuwatambua wapigakura na mfumo wa kompyuta kupeleka matokeo. Vifaa vilizimika mapema katika vituo vingi: betri ziliisha, na madarasa yaliyogeuzwa vituo hayakuwa na umeme wa kuzichaji. Upelekaji wa matokeo nao ukakwama, na hesabu ikarudi kwenye fomu za karatasi pale Bomas, kituo kikuu cha kujumlisha kura. Katikati ya hayo, namba ya kura zilizokataliwa kwenye skrini za televisheni ilipanda hadi ikapita laki tatu, na nchi ikashtuka. Tume ikaja kueleza kwamba kulikuwa na kasoro ya programu iliyokuwa ikizidisha kura hizo mara nane.

Mara nane! Mtu anayekadiria upimaji akisoma habari hiyo haulizi ni mwandishi gani wa programu aliyekosea, kwa sababu kila mwandishi hukosea. Anauliza ni nani aliyekaa siku ile ya kupanga na kutenga saa za kuikagua safu ya kura zilizokataliwa, safu ambayo hakuna mgombea wala chama kilichokuwa kikiisubiri. Na ni nani aliyeandika "darasa lisilo na umeme, saa kumi na moja jioni" kwenye orodha ya mambo ya kujaribu. Kasoro hupenda kukaa pale ambapo hapakukadiriwa.

Kuna mfano wa upande wa pili, nao uko kwenye barabara hiihii ya kwetu ukishuka kuelekea Nairobi. Oktoba 2005, Safaricom na Vodafone walianza majaribio ya huduma ya pesa kwa simu, Thika na Nairobi, kwa wateja wapatao mia tano tu, wakishirikiana na taasisi ya mikopo midogo ya Faulu. Huduma ilikusudiwa kurahisisha ulipaji wa mikopo. Watu wakaifanyia mengine. Walitumiana pesa wao kwa wao, wakalipana kibiashara, wakaweka fedha kwa wakala kabla ya safari na kuzitoa walikofika ili wasizibebe njiani. Wakati huohuo, kupatanisha hesabu za mfumo mpya na vitabu vya Faulu kukawa kazi ngumu kuliko ilivyodhaniwa. M-Pesa iliyozinduliwa Machi 2007 ilikuwa bidhaa ya kutuma pesa nyumbani. Mikopo ilikuwa imewekwa kando. Matumizi yale hayakuwa kwenye karatasi ya mahitaji, hivyo hakuna orodha ya majaribio ambayo ingeyataja. Walichofanya vizuri wahusika ni kutenga miezi ya kutazama, na kutazama nako ni upimaji, tena ule usiokadirika kwa kuhesabu orodha.

Kwa upimaji wa namna hiyo kuna desturi ninayoipenda. Jonathan na James Bach waliieleza mwaka 2000: usikadirie utapata nini, kadiria utachunguza kwa vikao vingapi. Kikao ni kama dakika 90, kina shabaha moja, na mwishoni unatoa taarifa. Mpimaji wetu anaweza kusema, "Nipeni vikao vinne kwa suala la mtandao kukatika." Hajadai kwamba kasoro zitaisha. Ametaja tu ni kiasi gani cha macho yake anakiweka hapo, na mwenye mali anaweza kuamua kama kinatosha.

Kazi inayosahauliwa kuliko zote ni ya kurudia. Mzunguko wa kwanza una hadithi tano za kupima. Wa pili una tano mpya, na zile za kwanza lazima ziguswe tena kwa kuwa huenda zimevurugwa. Kufikia mzunguko wa kumi, mpimaji ana rundo la hamsini, na siku bado ni zilezile kumi. Watu watasema majaribio ya kujiendesha yatamaliza shida hiyo. Yanasaidia, tena sana, lakini nayo ni programu: yanaandikwa, yanaharibika, yanatengenezwa, na saa zake zisipotajwa kwenye makadirio huibwa kwenye usingizi wa mtu. Zipo pia za kuandaa data, za kusubiri mizani ya majaribio iletwe, na za kupima upya kile kilichorekebishwa.

Wako wanaosema makadirio ni upotezaji wa muda, kwamba afadhali kuanza na kuona. Nawaelewa, na kwa kampuni yenye fedha zake yenyewe huenda wana haki. Lakini chama cha ushirika kina msimu. Kahawa ya msimu mkubwa huanza kuiva Oktoba, nayo haisubiri mtu aone.

Kwa hiyo namba lazima itolewe, na namna ya kuitoa ni nusu ya ufundi. Iko hesabu ya zamani, iliyotumiwa na jeshi la majini la Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950: chukua siku za bahati njema, ongeza mara nne ya siku unazozitegemea, ongeza siku za balaa, gawanya kwa sita. Bahati mbili, tegemeo nne, balaa kumi na mbili: unapata tano. Mimi huithamini kwa sababu inakulazimisha kuitamka ile kumi na mbili mbele ya watu. Kisha kuna kuitamka namba yenyewe. Tuseme kazi nyingine ni kubwa zaidi: ukimwambia mwenyekiti wa chama kwamba itakuwa kati ya siku tisa na kumi na nne, ataandika tisa kwenye kumbukumbu za mkutano, na kamati yote itaisoma tisa. Wapimaji waliokaa na kamati za namna hiyo hutaja kumi na nne kwanza, wakaeleza ni lipi likipatikana itashuka, mizani ifike kabla ya Jumatatu, daftari la wanachama lisafishwe namba za simu, halafu wakanyamaza na kumwacha katibu aandike.