Mawe Yanayopokezana Mzigo

Treni itokayo kituo cha Montparnasse jijini Paris hupita kwanza kando ya maghorofa ya vitongoji, kisha nyumba hukatika na uwanda wa Beauce hufunguka, mashamba ya ngano hadi upeo wa macho. Nilisafiri Ijumaa moja ya Septemba. Ngano ilikwisha kuvunwa, na juu ya mabua yaliyobaki minara miwili ilijitokeza mapema, kabla mji wenyewe haujaonekana. Ndiyo minara ya kanisa kuu la Chartres.

Minara hiyo hailingani. Wa kusini, wenye mita 105, ni kazi ya karne ya 12; umepaa moja kwa moja, mnyofu, hauna pambo la ziada. Wa kaskazini una mita 113, na kilele chake kimetobolewa na kuchongwa kama kitambaa cha almaria. Mwaka 1506 radi iliteketeza kilele chake cha zamani, kilichokuwa cha mbao, na fundi Jehan de Beauce akajenga hiki cha mawe kati ya 1507 na 1513. Mwingine angetamani minara iwe pacha. Mimi nilikaa pale kutwa, tangu asubuhi hadi jua kuelekea kuzama, na nikaondoka nikiamini kwamba kutolingana kule ndiko kunakolieleza jengo zima. Kila fundi alipokea kazi ya aliyemtangulia, akaiacha isimame, akaongeza yake.

Ukiingia kutoka kwenye mwanga wa barabarani, huoni kitu. Ni giza, na ubaridi wa mawe. Wageni wengi hutembea haraka, hupiga picha juu, na kutoka. Ni afadhali kukaa. Macho yakishazoea, giza hugeuka kuwa rangi: kwanza buluu, halafu nyekundu, mwishowe kijani na manjano ndani ya vioo vidogo vidogo. Ndipo jengo nalo hujitokeza. Lina urefu wa mita 130 hivi, na dari ya mawe iko mita 37 juu ya sakafu.

Usiku wa tarehe 10 Juni 1194 moto uliunguza kanisa lililokuwa hapa. Ulibaki upande wa magharibi pamoja na minara yake, na kanisa la chini ya ardhi. Waliojenga upya hawakubomoa mabaki hayo ili waanze na uwanja mweupe. Walisimamisha kuta mpya juu ya misingi ya zamani, na sura ya magharibi wakaiacha iwe mlango wa jengo jipya. Kufikia 1220 hivi sehemu kubwa ya dari ilikuwa juu. Mwaka 1260 kanisa likawekwa wakfu mbele ya Mfalme Louis IX. Majina ya waashi wakuu hayakuhifadhiwa. Tulicho nacho ni kazi yao, na kazi hiyo inasomeka.

Nilianza kuisoma kwenye jiwe. Jiwe la kuta lilichimbwa Berchères, kijiji kilicho karibu kilomita 10 kutoka hapa, likaletwa kwa mikokoteni. Ni jiwe gumu lenye vijitundu, halimpi mchongaji raha, ila hubeba mzigo bila kulalamika. Kwa sanamu za milangoni, ambako nyuso na mikunjo ya nguo zilihitaji tindo nyembamba, mafundi walichagua jiwe laini zaidi. Hapo tayari kuna elimu kubwa: kulijua jiwe la kubeba na jiwe la kusema.

Jiwe la tao halichongwi kwa kukisia. Mwashi mkuu alichora umbo lake kwa ukubwa halisi, kisha kikakatwa kigezo cha ubao, na mchongaji akakifuata kigezo hicho upande baada ya upande kwa guni na bikari. Kwa njia hiyo mawe yaliyochongwa na mikono kumi tofauti yangeweza kukutana juu, mita 37 kutoka ardhini, yakashikana kana kwamba yametoka kwa mtu mmoja. Ili tao lisimame, maseremala walitangulia. Walitengeneza kiunzi cha mbao chenye umbo la tao lenyewe, waashi wakapanga mawe juu yake kutoka pande mbili, na katikati wakatia jiwe la kufungia. Chokaa ikishika, kiunzi kiliondolewa taratibu na kuhamishiwa tao linalofuata.

Tao, ukilitazama vizuri, ni pande mbili zinazotaka kuanguka na kila upande unauzuia mwenzake. Hilo Warumi walilijua zamani. Matao ya Chartres yana ncha, kama ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Joseph linalotazama bandari ya Dar es Salaam, ambalo Wajerumani walilijenga kati ya 1897 na 1902 kwa kufuata mtindo huu huu wa Kigothi. Ncha ile si pambo. Tao la mviringo husukuma sana kwenda pembeni. Tao lenye ncha huusimamisha mzigo, ukashuka kwa mwinuko mkali zaidi. Juu ya kila chumba cha dari mbavu za mawe hukatana katikati na kuuleta uzito kwenye pembe nne, na kila pembe ina nguzo yake. Uzito haufutiki. Fundi anachoweza ni kuuonyesha njia, na hapa njia zote zimechorwa mbele ya macho yako: ubavu unaipa nguzo, nguzo inaipa ardhi.

Nilishapita katikati ya nguzo hizo mara mbili bila kugundua siri yake. Mara ya tatu nilipitisha kiganja juu ya jiwe, na mkono ndio uliojua kwanza. Nguzo moja kiini chake ni cha duara, na vijiguzo vinne vilivyoambatana nayo vina pande nane. Nguzo inayofuata kiini chake kina pande nane, na vijiguzo vyake ni vya duara. Zinapishana hivyo ukumbi mzima. Hakuna mzigo uliodai jambo hilo. Ni mtu aliyeona kwamba safu ndefu ya nguzo zinazofanana ingechosha jicho, akatia mapigo mawili, moja laini na moja lenye kona, kama mpiga ngoma anayepishanisha mkono wa kulia na wa kushoto.

Bado ulikuwepo msukumo wa pembeni, kwa kuwa hata tao lenye ncha husukuma kiasi. Ili kuona jibu lake nilitoka nje na kulizunguka kanisa. Kuta zimeegemewa na matao ya hewani, yanayoruka juu ya paa za ushoroba na kutua kwenye mihimili minene iliyojengwa mbali na ukuta. Kwenye ukumbi mkuu kila egemeo lina matao mawili yaliyounganishwa kwa vijiguzo vifupi, mfano wa tindi za gurudumu. Ni mazito, na mafundi hawakujaribu kuyaficha. Kazi yote ngumu imewekwa nje, penye mvua na upepo, ili ndani ukuta uwe mwepesi kiasi cha kutobolewa na kujazwa vioo. Anayesali ndani haioni misuli ya jengo. Mwanga anaoupata unatoka kwenye misuli hiyo.

Mawe haya yameshikanishwa kwa chokaa, na msomaji aliyekulia pwani yetu anaijua chokaa. Karne hizo hizo waashi wa Kilwa walikuwa wakichoma matumbawe kwenye moto wa kuni, kule Ufaransa wakichoma mawe ya chokaa tanurini, na tabia ya kitu kilichopatikana ni moja: hakikubali kuharakishwa. Chokaa hunyonya hewa polepole na kurudi kuwa jiwe, na ukuta mnene huchukua muda mrefu. Kule kulikuwa na adui mwingine, baridi. Maji yakiganda ndani ya chokaa mbichi huipasua. Ndiyo maana katika Ulaya ya wakati ule, majira ya baridi yalipokaribia, waashi walifunika vichwa vya kuta kwa nyasi kavu na samadi, wakangoja masika. Ule utaratibu wa kungoja ulikuwa na faida yake. Ukuta ulipata muda wa kutulia kabla ya kuongezewa mzigo.

Saa sita mchana nilirudi ndani kutazama vioo. Chartres ina madirisha 176, na eneo la vioo vyake ni mita za mraba zipatazo 2,600. Namna ya kuvitengeneza ilieleweka vizuri katika karne ya 12, na mtawa aliyeandika kwa jina la Theophilus alituachia maelezo ya kazi hiyo. Chukua majivu ya mti wa beech mafungu mawili na mchanga safi fungu moja, yayeyushe tanurini. Kobalti huleta buluu, shaba huleta nyekundu. Paka ubao chokaa nyeupe, chora juu yake dirisha zima, weka kipande cha kioo juu ya mchoro. Kipande hicho kilipasuliwa kwa chuma cha moto, kisha kingo zikamegwa kidogo kidogo mpaka zilingane na mstari. Sura, vidole na mikunjo ya nguo vilichorwa kwa rangi nyeusi, na kioo kikarudishwa motoni ili rangi ishikamane nacho daima. Mwisho vipande vilifungwa kwa vipapi vya risasi vyenye mfereji kila upande.

Risasi ile hushika vioo, na wakati huo huo ni kalamu. Mstari mweusi unaotenganisha vazi na anga ndio huo huo unaozuia dirisha lisianguke. Na kioo chenyewe, kwa kuwa kilipulizwa kwa pumzi ya mtu, kina mapovu, kina unene hapa na wembamba pale. Mwanga ukipita humo hautoki sawasawa, hutetemeka. Kioo cha kiwandani kilichonyooka hakina uhai huo.

Chini ya madirisha mengi wamechorwa watu wa kazi: waoka mikate, washona viatu, wabadilisha fedha, maseremala. Katika dirisha la Mtakatifu Chéron wapo waashi, na wachongaji wakiwa na sanamu za wafalme ambazo hazijakamilika. Nilisimama hapo kwa muda. Hatuna jina la hata mmoja wao, ila nyundo zao zipo, tindo zao zipo. Fundi vioo mmoja wa mji huu tunalijua jina lake, Clemens, kwa sababu aliliandika kwenye dirisha la kanisa kuu la Rouen.

Kisha nikafika upande wa kusini, penye dirisha ambalo Wafaransa huliita Notre-Dame de la Belle-Verrière. Mama Maria amekaa na mtoto mapajani, nyuma yake pekundu, vazi lake ni buluu nyepesi inayong'aa kana kwamba taa iko ndani ya kioo. Vipande hivyo vilitengenezwa karibu mwaka 1180, kwa kanisa lile lililoungua, na vikanusurika. Mafundi wa karne ya 13 walikuwa na uwezo wa kutengeneza Maria mpya. Hawakufanya hivyo. Walimchukua huyu wa wazee wao, wakamweka katikati, wakamzungushia malaika wa mikono yao wenyewe, wengine wakipiga magoti, wengine wakishika mishumaa. Buluu ya malaika imekolea zaidi, na mistari yao ina mkono mwingine. Kiungo kinaonekana kwa jicho tupu, hakuna aliyetaka kukificha. Kizazi kimoja cha mafundi kimepiga magoti kuzunguka kazi ya kizazi kingine.

Hayo yote yangeweza kupotea mara nyingi. Mwaka 1836 moto uliteketeza paa lote la mbao juu ya dari, lakini mawe ya dari yalistahimili na ukumbi wa chini ukapona. Paa lililopo leo lina kiunzi cha chuma na limeezekwa kwa shaba. Mwaka 1939, vita vilipokaribia, vioo viliteremshwa, vikafungwa, vikapelekwa mbali na mji, na baada ya vita vikarudishwa kimoja kimoja mahali pake. Walioviteremsha na kuvirudisha nao ni mafundi wa Chartres, ingawa hawakuchonga wala kuyeyusha chochote.

Kwa kuwa ilikuwa Ijumaa, viti vya ukumbini vilikuwa vimeondolewa na njia ya mzingo iliyotandazwa sakafuni tangu mwanzo wa karne ya 13 ilikuwa wazi. Ni duara lenye upana wa karibu mita 13, na ndani yake njia moja ya mita 260 hivi inayojikunja na kujikunjua. Haina njia panda wala mwisho uliozibwa. Niliitembea nyuma ya watu wengine. Mara tunakaribia katikati, mara tunatupwa pembezoni, na hakuna aliyempita mwenzake.

Nilipofika katikati, jua lilikuwa limeshuka upande wa magharibi. Madirisha matatu ya upande huo ni ya katikati ya karne ya 12, ya zamani kuliko karibu kila kitu kilichonizunguka, na muda huo ndio wao. Buluu yao iliwaka. Mwanga ulilala kwanza sakafuni, ukanyooka kuelekea mashariki, ukafika mguuni pa nguzo moja ya pande nane na kuanza kuipanda. Mlinzi alikuwa akizima mishumaa. Nilibaki nikilitazama doa hilo hafifu la rangi likipanda ubavu wa jiwe, rangi ya mtu mmoja juu ya jiwe la mwingine, hadi lilipofifia.