Kaniki na Kipimo cha Utu: Siti binti Saad na Wasifu Wake

Aghalabu Wasifu wa Siti binti Saad, kitabu cha Shaaban Robert, husomwa kama kielelezo cha juhudi: mwuza vyungu wa Fumba aingia mjini Unguja mwaka 1911, na mwaka 1928 sauti yake yatiwa katika sahani za santuri huko Bombay. Usomaji huu si wa makosa, lakini wapita kando ya swali zito zaidi. Ni nani mwenye mamlaka ya kumpimia mwanamke thamani yake?

Swali hilo lajitokeza wazi katika majibizano maarufu ya nyimbo. Mahasidi wa Siti walimtungia wimbo wa kejeli, wakitaka kujua ni lini alihesabiwa miongoni mwa watu, na kumkumbusha kaniki alizokuja nazo mjini. Kejeli hiyo ilikuwa nzito. Utumwa ulifutwa kisheria Unguja mwaka 1897. Kaniki ilikuwa vazi la watumwa, na wanawake wengi waliivua wakavaa kanga ili wasitambulikane kwa hali yao ya zamani. Siti mwenyewe alipozaliwa aliitwa Mtumwa. Aliyetamani kukubaliwa na waungwana angeikana asili yake au angejitafutia nasaba, jambo ambalo pwani halikuwa geni. Jibu lake halikani kaniki, wala halidai uzuri wa sura au ukoo mkubwa. Lasema kwamba hayo si hoja, na kwamba apatwaye na hasara ni mtu asiye na akili. Haombi kuongezewa uzito katika mizani ya waungwana. Aitupa mizani yenyewe. (Wakejeli nao walikuwa wamekwisha kukiri kwamba sauti anayo, walijifunga kwa ndimi zao.)

Tofauti na Utendi wa Mwana Kupona, wa mwaka 1858, ni kubwa. Humo binti anausiwa atafute radhi za watano: Mungu, Mtume, baba, mama na mume. Hata hivyo yafaa ikumbukwe kwamba mama anayeusia hivyo ni mshairi aliyejiamini kabisa.

Udhaifu wa Shaaban Robert ni kwamba haliamini jibu la Siti vya kutosha. Amrundikia mashahidi: wakubwa waliomwalika, mali aliyoichuma, sifa zilizovuka bahari. Kila shahidi anapoongezwa, Siti arudishwa katika mizani ile ile aliyoitupa, ila wapimaji sasa ni wenye vyeo. Zenye nguvu zaidi ni habari za kazi yake: mwanamke ambaye utotoni hakupelekwa chuoni, akijifunza ukubwani kusoma Kurani na kutamka Kiarabu cha nyimbo sawasawa. Hapo hapana mtazamaji wala mpiga makofi.

Siti huyu ndiye anayesikika katika wimbo wa "Kijiti", unaohusu kesi ya mauaji ya mwanamke mgeni, ambamo mwuaji alitoroka na wanawake waliotoa ushahidi wakaadhibiwa. Mwimbaji anayewinda radhi za wenye mamlaka haimbi wimbo kama huo katika mji unaotawaliwa nao. Mhakiki wa wasifu huu angefaa kuuweka ubavuni mwa ile orodha ndefu ya heshima alizotunukiwa, kisha aamue ni kipi kati ya hivyo viwili kinachomweleza mwanamke huyu.